Mgeni Aliyetaka Kukodi Pikipiki

Majuma mawili yaliyopita dada yangu aliniita Himo nikaamue shauri ambalo sikutarajia kulikuta kihambani. Mwanawe, dereva wa bodaboda pale Njiapanda, alikuwa amepata mteja asiye wa kawaida: kijana wa Ulaya aliyeshuka mlimani kwa njia ya Marangu, akabakiwa na siku mbili kabla ya kupanda ndege. Hakutaka kubebwa. Alitaka akabidhiwe pikipiki aiendeshe mwenyewe hadi Ziwa Chala, kisha avuke Holili akaione Taveta. Kwa siku hizo mbili alikuwa tayari kutoa shilingi 120,000.

“Mjomba,” akasema mpwa wangu baada ya shikamoo, “hizo ni hesabu za siku kumi na mbili.”

Dada hakujibu. Pikipiki ile ilinunuliwa kwa mkopo wa kikundi chao cha akina mama, na marejesho ya miezi saba yalikuwa bado. Jina lililoandikwa daftarini ni lake, si la kijana.

Nikaomba nione karatasi zote, za mwenyeji na za mgeni. Binti wa jirani aliyemaliza kidato cha sita akawa mfasiri wetu.

Tuliianza bima. Ilikuwa ile ya mtu wa tatu, ambayo sheria inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo. Watu wengi hudhani stika ile inakilinda chombo chao. La hasha! Humlinda yule utakayemgonga. Pikipiki ikivunjika, hasara ni ya mwenyewe. Tena hati ya bima hutaja matumizi ya chombo. Kanuni za mwaka 2010 ziliwawekea waendesha pikipiki na bajaji utaratibu wa leseni ya kubeba abiria kwa malipo, na hati ya mpwa wangu ilitaja kazi hiyo tu. Kumkabidhi mtu usukani akaenda peke yake ni biashara nyingine, na mwenye kampuni ya bima hakosi kuuliza siku ya kudaiwa. Huko Unguja, ambako watalii hukodishwa Vespa na pikipiki siku nyingi, wakodishaji wamekwisha kuzoea mambo hayo, na mgeni asiye na leseni ya kimataifa hutafutiwa kibali cha muda. Kijiwe cha Njiapanda hakina mazoea hayo.

Ikafuata leseni ya mgeni. Alikuwa nayo ya kimataifa, kijitabu safi chenye picha. Lakini kijitabu kile hakimpi mtu uwezo ambao hakuupata kwao. Ni tafsiri tu ya leseni yake ya nyumbani. Muhuri ulikuwa umepigwa mbele ya daraja B, yaani gari dogo. Mbele ya daraja A, la pikipiki, palikuwa patupu. Kijana akakiri kwamba pikipiki aliwahi kuipanda mara mbili tu, akiwa likizoni, na kwao magari hupita kulia. Nikayafikiria malori ya barabara ya Holili, halafu lile vumbi la kuchepukia Chala, nikanyamaza.

Alikuwa pia na bima ya safari, ambayo hakuwahi kuisoma hadi mwisho. Binti akaisoma. Kama zilivyo nyingi za namna hiyo, ilikataa kumlipia matibabu aliyeumia juu ya pikipiki inayozidi cc 125, au asiye na leseni ya pikipiki. Ya mpwa wangu ni ya cc 150. Mgeni aliichukua karatasi ile akairudia mwenyewe polepole. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Habari ya Taveta haikutuchukua muda. Sisi tulioukuta mpaka ule umefungwa tangu 1977 hadi 1983 tunafurahi kwamba tangu 2016 pana kituo kimoja cha pamoja, na vijana wanauona kama kivuko cha mto. Hata hivyo chombo cha moto kikiingia Kenya kinahitaji bima inayotambuliwa huko, aghalabu ile kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika umoja huo mwaka 2000. Mpwa wangu hakuwa nayo.

Hapo ndipo dada yangu, aliyekuwa kimya akimenya ndizi, alipouliza, “Na ya kwako iko wapi, baba?”

“Ipi, mama?”

“Leseni.”

Kijana akatazama chini. Miaka miwili amebeba watu, wagonjwa na watoto wa shule wakiwamo, kwa leseni ya rafiki yake aliyofanana naye kidogo sura. Hakuna aliyesema neno. Hata mfasiri wetu hakumfasiria mgeni, nami sikumwomba.

Siku iliyofuata mgeni alipelekwa Chala na dereva mwingine wa kijiwe kile, mtu mzima mwenye daraja A, wote wawili wakiwa na kofia ngumu. Alirudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi, akasifu rangi ya maji, akamwachia dada yangu majani ya kahawa aliyonunua Marangu. Pikipiki yetu ilishinda chini ya mwembe. Jumatatu dada aliuza magunia mawili ya mahindi, akampa mwanawe nauli ya kwenda Moshi kuulizia ada ya chuo cha udereva, na marejesho ya juma hilo akaomba ayalipe juma lijalo.