Wanakimbia vumbi, si andazi

Nilikuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo naomba tuongee habari ya kifungua kinywa.

Wiki iliyopita nilikwenda Zegereni kufuatilia habari ya viwanda. Kwa asiyepajua, Zegereni ni eneo la viwanda huko Kibaha, mkoani Pwani. Unaacha Barabara ya Morogoro, unapanda bodaboda, na vumbi linakupokea kabla ya mwenyeji wako. Mshkaji wangu anayefanya kazi huko alinitonya mapema: "Usinywe chai nyumbani. Kuna bekari mpya huku, kijana anauza bagel." Bagel? Zegereni? Nikajua ananitania.

Kwa ambaye hajakutana nayo, bagel ni mkate mdogo wenye tundu katikati, kama pete nene. Donge lake huchemshwa kwanza kwenye maji, ndipo linaingia kwenye oveni. Ndiyo maana nje inang'aa na ndani inatafunika haswa. Mimi niliionja mara moja tu, London, mtaa wa Brick Lane, na sikutegemea kukutana nayo tena upande huu wa Ruvu.

Saa 12 na nusu asubuhi nikawa mlangoni. Ni chumba kimoja: bati jipya, sakafu ya saruji, mabenchi mawili, ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Ukutani pameandikwa kwa chaki: MKATE WA PETE 700. Nikamuuliza kijana, ambaye zamani alikuwa jikoni kwenye hoteli moja Dar, kwa nini hakuandika bagel.

"Kaka, nikiandika bagel watu watadhani ni ya Wazungu, hawaingii."

Nikaagiza miwili na chai ya rangi. Jamani, mkate ni mzuri, sina haja ya kuficha. Vijana waliotoka zamu ya usiku walipanga foleni hadi nje, wanachovya kwenye chai na kupiga soga.

Nilipokwisha shiba ndipo nikaangalia ng'ambo ya barabara. Chini ya mti alikaa mama wa makamo na karai lake, beseni la maandazi pembeni, wateja wawili. Nikavuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupe mangapi?"

Nikachukua manne, moja 200. Wadau, lile andazi! Iliki imetulia, nazi unaisikia, jepesi kama pamba. Kwa ladha peke yake, mama anamshinda kijana, na hili nalisema bila kupepesa macho. Sasa mbona watu wako kule? Nilitegemea amlaumu jirani yake mpya. Hakumlaumu.

"Wanangu hawakimbii andazi langu," akasema. "Wanakimbia vumbi."

Hata hajamaliza, lori likapita. Akafunika beseni kwa kitenge, akangoja, akafunua. Zamani alikanda kilo nne kwa siku. Sasa anakanda mbili, na hizo mbili ndizo zinazosomesha wajukuu.

Najua baadhi yenu mtasema hii ndiyo biashara, asiyeweza ampishe mwenzake. Wengine mtasema kijana ametuletea vya watu na kuua vyetu. Mimi sikubaliani na kambi zote mbili.

Tuanze na hao wa "vya watu". Bagel nayo ilikuwa andazi la mtu fulani. Ni mkate wa Wayahudi wa Poland, na maandishi ya mji wa Kraków yanaitaja tangu mwaka 1610. Wachuuzi waliitunga kwenye kamba au kijiti kupitia lile tundu, wakaitembeza mitaani kama vijana wetu wanavyotembeza karanga. Wahamiaji wakaipeleka New York. Huko waokaji walifanya kazi usiku kucha katika vyumba vya chini ya ardhi, joto kali, malipo duni. Wakaungana, wakaunda chama chao, maarufu kwa jina la Local 338, kikiwa na wanachama kama 300 hivi. Mshahara ukapanda, mazingira yakabadilika. Miaka ya 1960 ikaja mashine ya Daniel Thompson ya kuviringisha bagel, na nguvu ya chama ikayeyuka. Lakini kabla ya hapo walishathibitisha jambo moja: mkate wa maskini haulazimiki kupikwa katika hali ya kimaskini.

Sasa wale wa "ampishe mwenzake". Ushindani upo wapi hapo? Mmoja ana bati, maji na benchi. Mwingine ana mti na kitenge. Mmoja ananunua unga kwa mfuko, mwingine kilo moja moja kwa bei ya rejareja, ilhali ngano yetu nyingi inatoka nje ya nchi. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na bei ya ngano kupaa duniani, maumivu yalifika hadi kwenye karai.

Mtaniambia ipo mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mama yule amekaa kando ya barabara, mahali asiporuhusiwa kuchimba hata nguzo moja. Mkopo hauezeki bati kwenye hifadhi ya barabara. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Kitambulisho kilikuwa na jina la mtu, hakikuwa na mahali pa kukaa.

Maoni yangu ni haya. Tunapopima viwanja vya viwanda tupime na mahali pa kula. Banda moja lenye paa, bomba la maji, choo na meza, karibu na geti, kwa kodi ambayo muuza andazi anaimudu. Wafanyakazi mamia wanaingia na kutoka kila zamu, na wote wana matumbo. Hilo si la kushtukia baadaye. Na mama hawa wakiwa sehemu moja, hata kununua unga kwa mfuko kwa pamoja kunawezekana.

Kijana wa mkate wa pete namtakia heri, nitarudi kwake. Ila siku hiyo natamani nile pete yake na andazi la mama kwenye meza moja, halafu mlaji aamue kwa ulimi wake, si kwa kuangalia lori linatokea upande gani.

Mnasemaje wadau? Nawasilisha.