Kiti cha AG

Muulize mtoto wa Bunia atakuwa nani akikua. Atasema daktari, mwalimu, pengine rubani wa zile ndege ndogo za misheni. Atakayejibu "AG" bado hajazaliwa.

Na bado kila hospitali kubwa ya Kongo ina kiti hicho. AG, yaani administrateur gestionnaire, ndiye mwenye hesabu, mali na wafanyakazi mikononi mwake; ndiye anayejua dawa zimebaki kiasi gani na primu ya mwezi huu itatoka wapi. Toleo hili ni lake, pamoja na makatibu na watunza fedha wa mashirika yetu yasiyo ya faida.

Nyankunde, mkoani Ituri, ni mahali pazuri pa kuanzia. Daktari Carl Becker aliingia Kongo mwaka 1929, akajipatia sifa Oicha kwa kuwatibu wagonjwa wa ukoma. Baada ya uasi wa Simba wa 1964, akiwa amepita miaka 70, alijikuta katika kazi isiyotaka kisu wala sindano: vikao. Ilibidi makanisa na misheni za Kiprotestanti, kila moja na zahanati yake na fahari yake, zikubali kuchangia madaktari na fedha katika kituo kimoja. Ndivyo kilivyozaliwa Kituo cha Tiba cha Kiinjili cha Nyankunde. Daktari Helen Roseveare naye alifika 1966 kujenga shule ya wauguzi. Mwenye kuongoza shule hushinda na ratiba, mitihani na vibali kuliko na wagonjwa.

Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo walivamia Nyankunde. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua 1,200 waliouawa katika siku zile. Hospitali iliporwa, na walionusurika wakatembea kwa miguu hadi Oicha.

Leo hospitali inafanya kazi tena, nayo shule, ambayo sasa ni chuo cha ufundi wa tiba, ISTM Nyankunde, iko Bunia na jina lake la zamani. Majengo hayahami. Shule ilihama kwa kuwa ilikuwa na walimu, baraza na kibali, vitu ambavyo hakuna mfadhili anayevipiga picha.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu na wafadhili. Wodi watajenga, bango lao watalipaka rangi. Mshahara wa mhasibu huitwa gharama ya ziada. Mradi ukiisha, mhasibu hodari anafuata shirika la kigeni lenye gari jeupe, na nani amlaumu? Ila na sisi tumo. Sheria namba 004/2001 inadai kila ASBL, yaani shirika lisilo la faida, iwe na katiba, lakini ziko ngapi ambamo mwanzilishi ndiye rais, na ufunguo wa kasha la fedha uko mfukoni mwake?

Mabaraza yanayoandaa bajeti ya mwaka ujao yaandike kwanza mshahara wa AG, kisha ndipo yajadili gari.