Sauti ya Marehemu Baba Isipotee



Mama mmoja wa Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Manyoni kwenda Singida, ametuuliza swali linalozihusu nyumba nyingi. Marehemu baba yake, Allah amrehemu, ameacha CD moja ya darsa zake za Ramadhani. Redio yao imeharibika, na kijana wake amemshauri aigeuze kuwa MP3, aitie kwenye simu, kisha CD itupwe. Je, afuate ushauri huo?

Jawabu letu, mama, ni kwamba kijana amepatia katika kunakili, lakini amekosea katika kutupa.

Kwanza zitenge CD za nyumbani. Kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye msahafu wake mzima wa sauti ulitolewa mwaka 1961, kinapatikana kila mahali. CD yake ikiharibika utapata nyingine. Sauti ya baba yako imo katika kisahani kimoja tu. Basi ianze hiyo, kwani CD iliyochomwa kwa kompyuta huhifadhi sauti katika tabaka la rangi ambalo jua na joto huliharibu.

Itie CD katika kompyuta uitazame. Ukikuta faili za MP3, zinakili kama zilivyo. Ukikuta vifaili vidogo vya CDA, tahadhari: hivyo ni vielekezo tu, havina sauti ndani yake. Wapo walioviburuta hadi kwenye flashi, wakatupa CD, wakabaki mikono mitupu. CD ya namna hii huhitaji programu ya kuisoma, kama Exact Audio Copy, isiyolipiwa, au Windows Media Player.

Programu itakutaka uchague aina ya faili. Sauti ya CD huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, na WAV huiweka vivyo hivyo. FLAC huikunja kama kanzu sandukuni: mara nyingi nafasi hupungua hadi karibu nusu, na ukiikunjua hakuna uzi uliopungua. MP3 hupunguza kwa kukata. Huacha sauti zinazodhaniwa kuwa sikio halitazitambua. Kilichokatwa hakirudi, hata ukiigeuza MP3 kuwa FLAC baadaye.

Kwa hiyo fanya yote mawili. Nakala ya FLAC iwe ndiyo asili, isiguswe. Kutokana nayo, toa MP3 za kusikiliza na kuwagawia ndugu. Kwa maneno matupu, kilobiti 64 za mkondo mmoja zatosha. Darsa ya saa nzima haitafika megabaiti 30.

Kisha isikilize nakala mwanzo hadi mwisho, kwani mkwaruzo mmoja waweza kumeza aya. Yape mafaili majina yanayoeleweka: jina la mzee, sura aliyoifasiri na mwaka. Weka nakala ya pili kwa ndugu anayekaa mbali nawe, na CD yenyewe irudi kabatini, mbali na jua.

Tukumbushane pia kuwa CD ya dukani ni jasho la mtu. Kunakili ili kuuza ni kudhulumu.

Wajukuu ambao hawakumuona babu yao wana haki ya kumsikia akifundisha. Hiyo ni amana mikononi mwako.

Wabillahi tawfiq.