Unajitafuta? Anza na Ngoma ya Jumapili

Wasee, siku hizi kila mtu "anajitafuta". Ukiuliza mtu anaendeleaje, "bado najitafuta, nitajipata." Lakini tukisema hivyo huwa tunamaanisha doo. Leo naongelea kujitafuta kwenyewe, kule kwa ndani.

Mwaka jana nilifutwa kazi. Shosho wangu, ambaye tunaishi naye hapa Kawangware, sikumwambia. Kila asubuhi nilivaa, nikatoka, nikazunguka hadi jioni. Usiku naziba masikio kwa muziki wangu, nazidi kuzama.

Jumapili moja ngoma zikapita nje. Unawajua, wale wa kanzu nyeupe na vilemba, bendera mbele. Shosho ni mmoja wao. Mimi tangu utotoni nilikuwa wa kuwacheka. Siku hiyo akanigongea mlango: "Toka, mjukuu wangu. Hakuna mtu atakuuliza kitu. Tembea tu."

Nikatembea. Manze, mwanzoni aibu ilikuwa mob, nikiomba nisikutane na mtu wa mtaa. Baadaye miguu ikashika mdundo, pumzi ikafuata miguu, na kichwa kikanyamaza. Hapo ndipo nikajua kitu kilichokuwa kinaniumiza. Haikuwa kazi. Ulikuwa ule uongo wa kila asubuhi. Nikalia barabarani mchana kweupe. Tukirudi nikamwambia shosho ukweli.

"Nilijua," akasema. "Viatu vyako havikuwa vya mtu anayetoka kazini."

Hii si kitu kipya. Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 kule Magharibi, linajulikana kwa maandamano kama hayo ya nyimbo na ngoma. Ukivuka uende Kibera, mtaa ulioanzishwa na wanajeshi Wanubi, Waislamu nao wana zikri: jina moja linarudiwa pamoja mpaka pumzi za watu zinakuwa moja. Dini tofauti, lakini mwili unafanya kazi ileile. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walipima waimbaji wa kwaya wakaona mapigo ya mioyo yao yanapanda na kushuka pamoja, kwa sababu wimbo unapanga pumzi.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: tuache kucheka vitu vya mtaa, halafu tulipie utulivu huohuo kwingine kwa sababu umewekewa mishumaa na mikeka. Na muziki wa peke yako si sawa na wa kundi. Ukiwa peke yako unaweza kuzunguka na uongo wako usiku kucha. Kwa kundi, kuna mtu atakuona umelia.

Lakini tusidanganyane. Ngoma si dawa ya kila kitu. Ukifika mahali huoni sababu ya kuamka, ongea na mtu na uende kliniki. Pia moyo ukilainika kwa muziki, kuna wajanja wanaosubiri kupitisha kikapu na kukuuzia miujiza. Hapo toka mbio. Na spika za kukesha zinazonyima watoto wa jirani usingizi, hizo siteteii.

Bado sijapata kazi ya maana. Bado najitafuta kwa upande wa doo. Lakini shosho akiniuliza siku yangu ilikuwaje, namwambia ukweli.

Wewe ni nani unamdanganya kila asubuhi?