Darubini ya Shule Inahitaji Kalenda

Shule au chama cha wapenda nyota kikibahatika kupata darubini, wanafunzi huonyeshwa Mwezi, Mshtarii na pete za Zohali, kisha chombo hurudi stoo. Ni hasara kubwa. Anga la Afrika Mashariki lina galaksi ambazo mtazamaji wa London huziona kwa taabu au hazioni kabisa, na kinachokosekana ni ratiba.

Mfano ni M83, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 15. Katikati yake umelala upau mnene wa nyota, na mikono yake inajipinda kuanzia kwenye ncha za upau huo. Upau huvuta gesi kuelekea kitovuni, ambako nyota mpya huzaliwa kwa wingi. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliigundua mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Ikitazamwa London, M83 haivuki nyuzi 9 juu ya upeo wa macho. Ikitazamwa Dar es Salaam hufikia nyuzi 67, ambako nuru yake hupita kwenye tabaka jembamba zaidi la hewa.

Lakini M83 hufika juu kabisa usiku wa manane katikati ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Mwalimu mwenye mpango atasubiri Juni: mvua zimekwisha, na kufikia saa mbili usiku galaksi tayari iko juu. NGC 1365, nyingine yenye upau mkubwa, ataipangia Januari, kabla ya masika.

Halafu kuna mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutegea usiku wa giza ili taa zao zifanye kazi, na mtazamaji wa galaksi naye achague siku zinazokaribia mwezi mwandamo. Kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha kumwongoza.

Zaidi ya hapo, ni kutoka nje ya mji na darubini yenye kioo cha sentimita 20, kuyapa macho nusu saa yazoee giza, na kutumia tochi nyekundu. Wanafunzi waambiwe mapema kwamba wataona ukungu hafifu, si picha za rangi za Hubble, darubini ya angani.

Wapo watakaosema galaksi haziji kwenye mtihani. Latitudo, pembe, saa na majira ya mvua vinakuja, na vyote vimo ndani ya ratiba hiyo. Mwanafunzi anayekokotoa kwa nini M83 hupanda nyuzi 67 Dar es Salaam amesoma jiografia na hisabati kwa pamoja. Programu ya Stellarium, inayoonyesha anga la usiku wowote, ni ya bure. Kwa hiyo kila shule yenye darubini iwape wanafunzi wenyewe kazi ya kuandika ratiba ya mwaka mzima, na muhula uanze kwa kuibandika kwenye ubao wa matangazo.