KONA YA WALIMU: Umeme ukikatika siku tatu, nani anafika wa kwanza?

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya mitihani, tunazungumza juu ya giza. Siyo lile giza la saa moja ambalo tumelizoea. Tunasema giza la siku mbili, tatu, hata wiki nzima.

Wengine watasema, "Hawa walimu nao! Umeme si unaenda, unarudi?" Ni kweli, mara nyingi unarudi. Lakini tukumbuke. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka sana, mitambo ya Jinja ikakosa nguvu, na mitaa ya Kampala ikawa inapokezana: leo mna umeme, kesho hamna. Tarehe 14 Aprili 2020, kisiwa cha majani na udongo kinachoelea ziwani kilisukumwa mpaka kwenye mitambo ya Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Ilikuwa wakati wa korona, watu wamefungiwa nyumbani.

Wenzetu wa Zanzibar waliona zaidi. Kisiwa cha Unguja kinapata umeme kwa waya mkubwa unaopita chini ya bahari kutoka Tanzania bara. Mwezi wa 5 mwaka 2008 umeme huo ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu! Na shida haikuwa taa tu. Ilikuwa maji, maana pampu zinatumia umeme. Watu walirudi kwenye visima na ndoo zao.

Sasa tujiangalie. Maji ya bomba ya Kampala yanasukumwa kwa pampu kutoka ziwani. Kasubi ni kilima. Pampu zikilala, sisi wa juu tunakauka mapema. Mtu atasema sasa kuna bwawa la Karuma, megawati 600, lililozinduliwa Septemba 2024. Ni jambo zuri. Lakini umeme wa Karuma hautakufikia kama nguzo ya mtaani kwenu imeanguka au transfoma imeungua.

Basi swali letu ni hili: usiku wa tatu bila umeme, mama akishikwa na uchungu au mtoto akiungua, nani anafika wa kwanza? Tusidanganyane. Siyo gari la wagonjwa. Simu yako imezima, na minara ya simu nayo inategemea betri na mafuta, ambayo yana mwisho. Anayefika wa kwanza ni jirani, kijana wa bodaboda, mama wa afya wa mtaa, au mwenyekiti wa LC. Hao ndio kikosi cha kwanza. Tuwaandae sasa, wakati taa zinawaka.

Orodha ya nyumba. Katika kila ploti watu wawili wanaoaminika wawe na daftari: nyumba gani ina mama aliye karibu kujifungua, nani ana pumu, nani ana sukari, mzee gani hawezi kutembea. Tunajua sisi wakimbizi tunaogopa orodha, na tuna sababu zetu. Kwa hiyo mwenye nyumba akubali kwanza, na iandikwe nyumba na shida tu. Kabila isiandikwe, nchi isiandikwe, wala habari za kule tulikotoka. Daftari lisitoke mikononi mwa wale wawili.

Simu moja ya akiba. Kila ploti iweke simu moja ndogo ya batani, imejaa chaji, imezimwa. Hiyo siyo ya muziki. Namba za polisi ni 999 au 112, ziandikwe ukutani kwa kalamu, pamoja na za mwenyekiti, za bodaboda wawili na za kituo cha afya. Namba zilizo ndani ya simu iliyozima hazimsaidii mtu. Mtandao ukiwa dhaifu, tuma ujumbe mfupi, mara nyingi unapita pale simu ya sauti inaposhindwa.

Lugha. Hili ni letu hasa. Mama mgeni kutoka Kongo anajua Kiswahili na Kifaransa, lakini jirani yake anasema Kiganda. Usiku siyo wakati wa kuanza kujifunza. Kila mtu, hata mtoto wa miaka 6, ajue maneno matatu: *tuyambe*, yaani tusaidie, *omuliro*, moto, *omulwadde*, mgonjwa. Na ajue kutaja mahali anapokaa kwa jina ambalo bodaboda analijua: karibu na soko, chini ya msikiti, nyuma ya shule.

Moto. Watu wa Kasubi hawahitaji kufundishwa moto ni nini. Usiku wa 16 Machi 2010 makaburi ya Wafalme wa Buganda yaliungua hapa hapa, na nyumba kubwa ya nyasi ikawa majivu. Mshumaa usimame ndani ya kopo lenye mchanga, mbali na pazia na chandarua, na usiachiwe watoto. Petroli ya jenereta isilale chumbani. Tukumbuke Namungoona, jirani zetu: tarehe 29 Juni 2013 lori la mafuta lilipata ajali, vijana wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mafuta ya bure yana bei yake.

Na sigiri! Baridi ya mvua inatufanya tuingize jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasinzia, haamki. Jenereta ni vile vile. Vyote vikae nje. Ukimkuta mtu hivyo, fungua milango, mtoe nje haraka, ndipo uite wengine.

Aliyeungua. Mimina maji safi ya baridi, siyo barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiing'oe. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya. Ndiyo maana tunasema: jerikani mbili za maji zikae zimejaa kila wakati. Moja ya kunywa, yaliyochemshwa. Chemchemi nyingi za mabondeni Kampala zina uchafu wa vyoo, kwa hiyo maji ya huko yachemshwe bila ubishi.

Mwenye sukari. Dawa yake ya sindano inahitaji ubaridi. Bila friji, weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, ulowanishe, funika kwa kitambaa chenye maji, weka kivulini. Muulize muuguzi mapema dawa hiyo inaweza kukaa siku ngapi nje ya friji.

Waya. Waya ulioanguka usiuguse, usiuruke, usiusogeze hata kwa fimbo. Weka mtu wa kuzuia watoto. Tangu 1 Aprili 2025 kampuni ya serikali, UEDCL, ndiyo inasambaza umeme baada ya mkataba wa Umeme kwisha. Hao ndio wa kuita, siyo kamyufu wa kupanda nguzo usiku kwa elfu kumi. Tena umeme ukikatika chomoa pasi na jiko la umeme. Ukirudi saa nane usiku pasi iko juu ya godoro, umekwisha.

Ninyi wa kambini mtacheka: "Sisi waya wa umeme haujafika kwetu, mnatufundisha nini?" Ndugu zetu, ninyi ndio walimu hapa. Kambini mtu anajua usiku jirani yake anakohoa vipi, anajua mlango wa mkunga hata macho yakiwa yamefumbwa, na filimbi ikilia watu wanatoka. Sisi wa mjini tunakaa ploti moja mwaka mzima hatujui jina la mtu wa chumba cha tatu. Giza likija, huyo wa chumba cha tatu ndiye ambulensi yetu.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni hii. Chagueni usiku mmoja, zimeni taa zote kwa makusudi saa moja, na simu pia. Kila familia ijaribu: tochi iko wapi? Maji yako wapi? Unaweza kufika mlango wa jirani na kumwita kwa jina lake? Mkishindwa lolote kati ya hayo, mmejua pa kuanzia, na hamjapoteza mtu. Tuandikieni mliyoyaona, tutayasoma darasani. Mpaka mwezi ujao, mkae salama.