Nyonga Yangu Inalia, Nani Anasikia?

Leo kile kifimbo cha soja kimenililia piip mara nne kabla ya chakula cha mchana: benki mbili pale Kenyatta Avenue, ofisi ya mteja, halafu supamaketi huko Westlands. Nyonga yangu ya kulia ni ya bandia, ina shina la titani ndani ya mfupa wa paja. Kifimbo hakijakosea.

Masoja je? Watatu walisema, "Pita, mzee." Wa nne alitaka nishushe suruali nimwonyeshe kovu, foleni nzima ikitazama! Nikampa barua ya daktari, hata hakuisoma. (Na angeisoma? Barua kama ile naichapa kwa dakika tano.)

Ukaguzi huu tuliukaza baada ya Westgate, Septemba 2013, walipouawa watu 67, hapo hapo Westlands. Mimi huandika programu. Kengele inayolia bila mtu kuitika ni bagi, jamani, na hii siku moja itapitisha bastola. Wafunzeni masoja, wapeni kijichumba chenye pazia. Wakinipapasa vizuri sitanung'unika, nitainua mikono.